Mdomo wa Bibi

Bibi yangu ameacha picha tatu. Katika ile ninayoipenda amesimama mbele ya nyumba yake, Tarime, kitenge kimefungwa juu ya gauni, mkono mmoja kiunoni, mdomo umefumbwa kabisa. Novemba mwaka jana niliufumbua.

Kazi yenyewe ni rahisi kuliko inavyosikika. Unafungua picha kwenye kishikwambi, unazungusha kidole kandokando ya mwili, programu inafuta nyumba na miti, anabaki mtu. Unaweka alama begani na kwenye kiwiko ili mkono uzunguke bila kung'oka. Taya unalitenga peke yake. Kisha unarekodi sauti, na kila inapopanda, taya linashuka. Ufundi huu ni wa zamani: mwaka 1926 Lotte Reiniger, Mjerumani, alitoa filamu nzima ya vikaragosi vya karatasi vilivyokatwa na kuungwa viungo. Ila karatasi zake hazikuwa bibi wa mtu.

Kishikwambi kilikuwa cha rafiki yangu mwalimu, mojawapo ya vile vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu baadaye. Tulitaka filamu fupi ya kuwaonyesha wanafunzi kabla ya likizo. Kwetu Ukuryani Desemba ndio msimu wa kukeketa, na wapo wasichana wanaotoroka kwao kwenda nyumba salama, Masanga kwa upande wa Tarime, au Mugumu kwa upande wa Serengeti. Tangu 1998 sheria inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wamekeketwa. Tanzania nzima ilikuwa 10. Sheria inasema kwa sauti ya serikali. Tukaona aseme bibi. "Wajukuu zangu, nilikosea." Sauti niliitoa mimi, nikikwaruza koo.

Nikamwonyesha shangazi. Alicheka mkono ulipoinuka, halafu akanyamaza.

"Mwanangu, huyu amevaa sura ya mama, lakini si mama."

Bibi ndiye aliyempeleka shangazi kwa ngariba, na hakuwahi kusema alikosea. Shangazi alipokataa kuwapeleka binti zake, waligombana miaka. "Sikumshinda," akasema. "Alikufa hajanikubali. Wewe umemkubalisha kwa kidole."

Rafiki yangu aliona tunajisumbua bure. Marehemu haumii, na kama msichana mmoja atakataa kwa sababu ya mdomo ule, kuna hasara gani? Sina jibu jepesi. Heshima ya wafu peke yake isingenizuia. Bibi mwenyewe alikuwa na deni kwa wasichana.

Kilichonikwama ni yule msichana anayetazama. Kesho atarudi nyumbani kwa bibi aliye hai, anayempenda, na ambaye hatasema amekosea. Tutakuwa tumemwandaa kukutana na bibi asiyekuwepo. Tena tumemdanganya kwa picha, si kwa hadithi. Sungura akisema neno, hakuna mtoto anayeuliza kama kweli alilisema. Mchoro nao unajitangaza kuwa ni wa kubuni. Picha inaapa kwamba mtu huyu alikuwepo, na kiapo hicho kinayafunika hata maneno tuliyombandika.

Basi tukaanza upya kwa michoro ya wanafunzi. Mmoja alichora bibi mwenye mikono mirefu kuliko miguu, tulimchukua huyo. Katika filamu mpya anabishana na binti yake hadi mwisho, na hakubali. Rafiki yangu anasema imepoa, watoto watabaki hawajui wamsikilize nani. Huenda yuko sahihi. Shangazi aliitazama mara mbili, akaomba sauti ya binti airekodi yeye.

Ile ya kwanza sijaifuta. Siku nyingine naifungua, nimezima sauti, namtazama bibi akiinua mkono.