Upepo wa Jirani

Fundi alimaliza saa kumi jioni. Alikuwa ameziba mianya ya dirisha kwa silikoni, akapiga kipande cha raba chini ya mlango, akajaza simiti kwenye yale matundu ya hewa juu ya ukuta, kisha akawasha AC na kusimama katikati ya chumba kama mtu aliyejenga daraja la Tana peke yake. “Sasa uko Limuru,” akaniambia. Ilikuwa Machi, na nje Garissa ilikuwa inachemka. Usiku ule nilijifunika shuka kwa mara ya kwanza tangu nihamie Bulla Iftin, nikalala usingizi wa tajiri.

Asubuhi nilimkuta Eedo kichochoroni. Eedo ni shangazi kwa Kisomali, na ndivyo sote kwenye ploti tunavyomwita. Dirisha lake na langu yanatazamana, na katikati hakuna hata mita mbili. “Waryaa,” akasema, wala hakuwa na hasira, “hiyo sanduku yako imenipumulia usiku mzima.”

Nilimjibu kile ambacho kila mtu angejibu. Stima nalipa mimi, tokeni nanunua mimi, chumba ni changu. Yote ni kweli. Lakini AC haitengenezi baridi, inahamisha joto. Kwa kila uniti moja ya stima, mashine ya kawaida hutoa chumbani kama uniti tatu za joto, halafu zote nne, pamoja na ile ya stima yenyewe, hutupwa nje. Nje kwa nani? Kwenye uwanja wazi joto hilo si kitu mbele ya jua la Garissa. Kwenye kichochoro, usiku, upepo ukiwa umelala, ni mzigo aliotupiwa mtu mwingine. Ukimwaga maji machafu mlangoni kwa jirani, mtaa mzima utakujia juu. Sijasikia mtu aliyeitwa mbele ya wazee kwa kumwaga joto.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anapozitaja haki za jirani anaingiza hii pia: usiinue jengo lako likamzuilia upepo, isipokuwa kwa idhini yake. Wataalamu wa hadithi wanasema mapokezi hayo ni dhaifu, na mimi sitajifanya sheikh hapa. Kilichonishika ni kwamba karne nyingi kabla ya AC kulikuwa na watu walioona kuwa upepo ni kitu ambacho jirani anaweza kunyang’anywa. Na jawabu lao halikuwa usijenge. Lilikuwa uliza.

Nikampigia rafiki yangu anayesomea ujenzi Nairobi, nikitaraji anitetee. Akanicheka. Shida si kuziba, akasema, shida umeziba nusu. Akanieleza kuhusu zile nyumba za Darmstadt, Ujerumani, za mwanafizikia Wolfgang Feist, ambazo familia nne zilihamia mwaka 1991. Nyumba ya aina hiyo hupimwa kwa feni kubwa mlangoni: hewa ikisukumwa kwa shinikizo la paskali 50, inayovuja kwa saa isizidi asilimia 60 ya ujazo wa nyumba. Kuta na paa zimevishwa unene wa kuzuia joto, na hewa safi huingizwa na mashine inayopitisha hewa inayotoka kando ya inayoingia, zikabadilishana joto bila kuchanganyika. Kwenye baridi, hewa inayotoka huipasha inayoingia. Kwenye joto, chumba kikiwa kimepozwa, huipoza. Nyumba hiyo hutumia nishati kidogo sana, maana yake ni kwamba hata kwa jirani haitupi mengi.

Hapo ndipo utetezi wangu ulipoishia. Kumbe kuziba kwenyewe kunaweza kuwa adabu. Ila mimi paa langu ni mabati matupu yenye dari ya plaibodi, na joto la Garissa halikuwa linapita kwenye mwanya wa dirisha hata kidogo, lilikuwa linashuka kutoka juu. Na AC yangu, kama nyingi za kubandikwa ukutani, haileti hewa mpya. Inazungusha ileile. Nilikuwa nimelipa fundi anifungie ndani na pumzi yangu mwenyewe, na yale maumivu ya kichwa ya asubuhi nikasema ni kazi nyingi.

Mwaka uleule wa 1991, kama kilomita 100 kutoka hapa, ilifunguliwa kambi ya kwanza ya Dadaab. Watu waliokimbia vita Somalia walikunja matawi, wakafunika kwa karatasi za plastiki na vitambaa. Siwezi kuziweka nyumba hizo mbili kwenye mizani moja. Nazitaja kwa sababu nyumba isiyovuja inadai kitu ambacho haikisemi: stima isiyopotea. Kaunti hii ina mtambo wa jua wa megawati 50, uliozinduliwa 2019, lakini stima yake huingia kwenye gridi ya taifa, na gridi haijui nani amejaza simiti kwenye matundu yake.

Ilipotea Ijumaa moja, saa saba usiku. Ndani ya nusu saa chumba kilikuwa tanuri. Nilitoka na mto mkononi, nikakuta nusu ya ploti iko nje kwenye mikeka, Eedo akiwa na dabqaad yake, uunsi unafuka juu ya makaa. Nikashtuka. Harufu ile ilikuwa inaingia kwangu kila jioni, na nilikuwa nimekaa wiki tatu bila kuisikia wala kugundua kwamba siisikii.

Akanisogezea mkeka. Akaanza kusimulia aqal ya mama yake, ile nyumba ya matawi na mikeka inayojengwa na wanawake, inayopandishwa ngamia na kuhamishwa. Upande wa upepo waliinua mkeka, upande wa vumbi wakaushusha. Nikasema hayo ndiyo maisha. Akaniangalia kama mtoto. Mbu je? Hapa Garissa, baada ya mafuriko ya mwishoni mwa 2006, homa ya Bonde la Ufa ilipita, nayo huenezwa na mbu, ikaua mifugo na watu. Yeye alizika mtu. Nyumba iliyo wazi haichagui mgeni.

Nilimrudisha fundi. Matundu tukayafungua na kuyatia wavu wa mbu. Sanduku likapandishwa juu ya paa, bomba la shaba likaongezwa, pesa ikaenda, na mwenye nyumba alilalamika kwanza kuhusu mabati yake. AC sasa inafanya kazi zaidi kidogo na mimi nasikia baridi kidogo zaidi ya hapo. Limuru imeisha.

Wiki iliyopita Eedo alibisha. Mwanawe aliye Minneapolis ametuma pesa ya AC, kwa ajili ya mjukuu mwenye vipele vya joto. Fundi amemwambia kwake paa limeoza, halibebi kitu, na ukuta pekee unaofaa ni ule wa kichochoroni.

“Itakupumulia,” akasema. “Ndio nimekuja kukuuliza kwanza.”

Bado sijamjibu.