Utani Una Deni



Ukiwa frateri na ukatokea Same, utani unakusubiri mlangoni. Siku ya kwanza seminarini niliulizwa kama nikitoa sadaka nitadai risiti. Si mnajua, Wapare tunasemwa ni wabahili, na kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Nilicheka, nikamjibu yule Mchagga aliyeniuliza kwamba afadhali mimi nidai risiti kuliko yeye aachiwe kapu la sadaka. Alicheka kuliko mimi. Ni rafiki yangu mpaka leo.

Kwa hiyo siandiki kuwaambia muache utani. Naandika kwa sababu ya kicheko kimoja kilichonikaa rohoni tangu likizo iliyopita.

Tulikuwa tumemaliza sala ya jumuiya, vijana kama sita, tumekaa nje ya nyumba moja pale Same mjini. Simu inazunguka mkono kwa mkono: klipu ya mchekeshaji amevaa lubega, kashika rungu, anaongea Kiswahili cha kuvunjavunja. Mnazijua hizo. Katika vichekesho vyetu Mmasai karibu kila mara ni mlinzi, na karibu kila mara haelewi kitu. Tukiwa bado tunacheka, akaja mlinzi wa nyumba ya jirani, Mmasai, umri wa baba zetu. Hakuna aliyempa shikamoo. Alitaka msaada: hajalipwa miezi miwili, na bosi hapokei simu. Kabla hajamaliza, mmoja wetu akamrudishia maneno yake kwa lafudhi ya ile klipu. Tukaangua kicheko. Na mimi nilicheka, frateri mzima mwenye digrii ya falsafa. Mzee akatabasamu kidogo, akaweka sawa shuka lake begani, akarudi getini.

Usiku ndipo nikamkumbuka Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Yeye, akimfuata Aristotle, anakubali kwamba mizaha yenye kiasi ni fadhila. Lakini kwenye dhihaka ni mkali. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni hii: baya likimpata mtu tunayemheshimu, tunalichukulia kwa uzito. Tukiweza kuligeuza mchezo, ina maana tumeshaamua kuwa ni dogo. Na mara nyingine tunaliona dogo kwa sababu tu ni lake yeye. Ndiyo maana dhihaka inaweza kuzidi hata tusi. Anayekutukana angalau amekuchukulia kwa uzito.

Mshahara wa miezi miwili si jambo dogo. Angekuwa kaka yangu, nisingecheka.

Hapo ndipo vichekesho vinapogusa siasa. Mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakiishi na kuchunga ndani ya pori la akiba la Mkomazi, hapahapa chini ya milima yetu, waliondolewa. Wamasai walikuwemo, na Wapare pia. Uhifadhi una hoja zake, tujadiliane. Lakini kujadiliana kunaanza na kusikilizana, na mtu uliyezoea kumsikia kama kichekesho, hata akilia utasikia klipu.

Sisi Wapare tulipaswa kulijua hili. Mkoloni alimwita mtu mzima mweusi "boi", na boi hategemewi kuwa na maoni juu ya kodi. Januari 1945 maelfu ya babu zetu kutoka Usangi, Ugweno na Mamba walishuka mpaka Same, makao makuu ya wilaya, kuikataa kodi ya mbiru. Mwaka uliofuata wanawake nao wakajitokeza. Mwishowe kodi ile ikaachwa. Leo wajukuu wa watu waliodai kusikilizwa tumekaa Same ileile, tunamcheka anayeomba kusikilizwa.

Hata Nathanaeli alianza kwa kuisema vibaya Nazareti, kana kwamba hakuna cha maana kinachoweza kutoka huko. Ila Filipo alipomwambia aje aone, alikwenda. Askari wa Pilato nao walifanya mzaha wao, wakamvika Yesu taji ya miiba, na hawakutaka kuona chochote. Tofauti ipo hapo.

Na wazee wetu walikuwa na kipimo chao. Mtani ana ruhusa ya kukusema hata msibani, lakini hapohapo msibani ndiye anayefanya kazi. Anacheka na anabeba. Utani una deni. Mama yangu alipolazwa, yule Mchagga alikuwa wa kwanza kunitumia nauli. Chini aliandika: "Usidai risiti."

Asubuhi nilienda getini. Nilianza na shikamoo, nikaomba radhi, nikamuuliza mzee jina lake, kitu ambacho kwa likizo tatu sikuwahi kufanya. Tukaandika pamoja barua ya malalamiko, akaipeleka serikali ya mtaa. Mpaka narudi seminarini, alikuwa bado hajalipwa.

Wiki hii, kabla hujaituma ile klipu, jiulize: huyu ninayemcheka akija kesho na shida yake, nitamsikia? Kama jibu ni hapana, ndugu yangu, huo si utani tena. Upeleke kwenye kitubio. Mimi wangu nimeshaupeleka.

Tuombeane. Tumsifu Yesu Kristo!