Jina la Yohana

Siku moja mwanafunzi alinijia baada ya kipindi, akaniomba nifute jina lake katika daftari la mahudhurio. Jina hilo lilikuwa Yohana. Alitaka niandike John, kwa kuwa wenzake walimcheka wakisema kwamba Yohana ni jina la kishamba, na John ni jina la mtu aliyeelimika. Nilishika kalamu, walakini sikuandika. Nilimwuliza swali ambalo nakuuliza wewe pia, msomaji: je, jina laweza kuwa bora kuliko lenyewe?

Maana John na Yohana ni jina moja. Asili yake ni Kiebrania, Yohanan, yaani Mungu ameneemesha. Wayunani walilitamka Ioannes, na Warumi wakaliandika Iohannes. Kutoka huko lilienea kama maji ya mto mmoja yaingiavyo katika mifereji mingi. Mwingereza husema John, Mfaransa Jean, Mjerumani Johann, Mreno João, Mwitaliani Giovanni, na Mrusi Ivan. Mwarabu Mkristo husema Yuhanna. Na Mwislamu humwita mwana wa Zakaria kwa jina la Yahya. Kila taifa lililipa jina hili sauti ya ulimi wake, wala halikuona haya. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 akatunga kamusi ya Kiswahili, alikuwa Yohana wa Kijerumani. Tena, ukisikiliza vema, Yohana li karibu na Yohanan kuliko John.

Wala jina, liwe la lugha yoyote, halimpi mtu sifa asiyoitafuta. Ivan wa Nne, aliyetawazwa kuwa mfalme wa Urusi mwaka 1547, alibeba jina la neema, lakini ukatili wake ulimfanya akumbukwe kwa jina la Ivan wa Kutisha. Jina tunapewa na wengine. Sifa yake twaifanya wenyewe.

Injili ya Luka yasimulia kwamba majirani na jamaa walitaka mtoto yule aitwe Zakaria, kama baba yake. Mama alikataa. Baba, aliyekuwa bubu wakati huo, aliomba kibao akaandika kwamba jina lake ni Yohana. Jina hili basi, siku ile lilipotolewa, halikutolewa ili kuwapendeza majirani.

Nilimwuliza mwanafunzi wangu ni nani aliyempa jina lake. Akajibu kwamba ni babu yake, ambaye alikuwa amekwisha kufa. Nikamwambia, "Daftari hili hapa, na kalamu hii hapa. Ukitaka, lifute mwenyewe."

Aliitazama kalamu kitambo, kisha akasema, "Liache, Mwalimu."

Msomaji, kubadili jina si dhambi, na wengi wamebadili kwa sababu njema. Lakini kicheko cha wenzako si sababu. Kabla hujalionea haya jina lako, uliza lilitoka wapi, na ni nani aliyekupa kwa mapenzi.