Kalori na Mkono wa Mpakuaji

Kuna mitaa hapa Saudia inayoitwa Al-Nuzha. Mmoja uko Riyadh, upande wa kaskazini, na mwingine uko Jeddah, jirani na uwanja wa ndege, na sisi Waswahili tumo katika yote miwili. Neno lenyewe kwa Kiarabu ni matembezi ya kujiburudisha. Ukipita huko jioni utaona kwamba matembezi hayo aghalabu huishia mezani: kabsa, mandi, mutabbaq, kuku wa kukaanga, na baada yake chai ya sukari.

Na penye meza pana namba. Tangu tarehe 1 Januari 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Saudia inaitaka mikahawa iandike kalori kando ya kila chakula kwenye menyu. Kabla ya hapo, Juni 2017, soda ziliwekewa ushuru wa asilimia 50 na vinywaji vya kuongeza nguvu asilimia 100. Mwishoni mwa 2019 ushuru ukavifikia na vinywaji vingine vyenye sukari. Julai 2025 yakaongezwa mengine: alama ya kichupa cha chumvi kwenye chakula chenye chumvi nyingi, kiasi cha kafeini, na muda wa mazoezi unaohitajika kuzichoma kalori za sahani hiyo. Serikali haikufanya hayo kwa mchezo. Saudia imo katika nchi zenye kisukari kingi duniani. Zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila saba anacho. Nasi Waswahili hatumo pembeni ya hesabu hiyo. Kila mmoja wetu ana mzee, au rika lake, anayebeba sindano ya insulini katika mkoba.

Basi swali tunaloulizana mara kwa mara ni hili: je, kuna mtu anayezitazama namba hizo anapokula chakula chake cha kila siku? Jibu la kweli ni kwamba wapo, ila ni wachache, na wanachobadilisha ni kidogo. Januari 2025 jopo la Cochrane lilikusanya tafiti za nchi mbalimbali, likaona kwamba kuandika kalori hupunguza kile watu wanachochagua kwa asilimia 1.8. Katika mlo wa kalori 600 hiyo ni kama kalori 11, yaani lozi mbili. New York ilianza mwaka 2008, Marekani nzima 2018, Uingereza (kwa makampuni makubwa) Aprili 2022, kwa hiyo wenzetu mlioko huko mnaijua hadithi hii kuliko sisi.

Wengi wakisikia hivyo hutoa hukumu papo hapo: watu ni walafi, hawana nidhamu. Sisi hukumu hiyo hatuikubali. Tunaona tatizo liko mahali pengine, nalo ni la maadili zaidi kuliko la afya: namba ile imepelekwa kwa mtu asiyehusika.

Tuanze na kipimo chenyewe. Kalori moja ya kwenye menyu ni joto la kupandisha kilo moja ya maji kwa digrii moja ya sentigredi. Sisi wahandisi tuliisoma kwenye mitambo ya mvuke kabla hatujaikuta kwenye sahani. Mwishoni mwa karne ya 19 Mmarekani Wilbur Atwater aliwaweka watu ndani ya chumba cha kupimia joto la mwili, na kazi yake ndiyo iliyotupa kanuni inayotumika mpaka leo: gramu ya wanga au ya protini ni kalori 4, na gramu ya mafuta ni 9. Hesabu ni nzuri. Lakini kila kipimo kina aliyekishika, na hapo ndipo pa kutazama.

Kwetu Afrika Mashariki chakula kilipimwa kwa mizani zamani sana kabla ya menyu za leo. Kilipimwa kwa posho. Kijana wa Tanzania leo akisikia posho anafikiri fedha za vikao, na Mganda anafikiri ugali, lakini asili yake ni mgawo wa kibarua. Wakati wa ukoloni mgawo uliozoeleka katika mashamba ya Kenya ulikuwa ratili mbili za unga wa mahindi kwa siku. Piga hesabu: ni gramu 900 hivi, kalori zaidi ya 3,000. Kwa kitabu cha nishati mtu huyo ameshiba na kazi itafanyika. Mwaka 1931 John Boyd Orr, pamoja na John Gilks aliyekuwa mkuu wa tiba wa koloni, walichapisha utafiti wao juu ya Wakikuyu na Wamasai, wakaonyesha kwamba wale waliokula nafaka zaidi walipungukiwa na mambo ambayo wenye maziwa, nyama na damu hawakupungukiwa nayo. Namba ya tumbo kujaa haikuwa namba ya afya. Utafiti huo una kasoro zake na ulikuwa na macho ya kikoloni, hilo tunalijua. Tunachotaka msomaji akione ni jambo moja tu: katika posho, aliyejua kipimo na aliyekiamua alikuwa mgawaji. Mlaji alikinga kibaba chake.

Menyu ya Riyadh au ya London imegeuza mambo. Mgawaji, yaani mwenye mkahawa, anamwaga mafuta apendavyo, kisha anaandika namba na kumkabidhi mlaji mzigo wote: nimekuambia, umechagua mwenyewe. Nayo haki hiyo ya kuchagua inamtaka mlaji awe mtu mmoja, mwenye sahani yake, mwenye nafasi ya kusoma, asiyemwonea haya yeyote. Wangapi kati yetu wanakula hivyo?

Chukueni sinia la pilau la Ijumaa. Kilo moja ya mchele ni kalori 3,600. Kilo ya nyama ya mbuzi isiyo na mfupa ni kama 1,100. Robo lita ya mafuta, na kuna majiko yetu yasiyotosheka na robo, ni 2,000 na ushei. Jumla ni kama 6,700. Watu sita wakilizunguka, kwa karatasi kila mmoja amekula 1,100 na kidogo. Lakini sinia haligawanyiki kwa karatasi. Mwenye haya hula la mbele yake na kuacha. Kijana aliyetoka kazini hufika katikati. Mgeni husukumiwa nyama na kila mkono. Mhandisi yeyote akiulizwa mgeni yule amekula kiasi gani atasema hakuna kipimo hapa, kuna wastani tu, na wastani haumuugulii mtu. Hata kalori 2,000 zinazotajwa kuwa mahitaji ya siku ni wastani uliosawazishwa: Wamarekani walipopanga lebo zao mwanzoni mwa miaka ya 1990 walipendekeza 2,350, kisha wakashusha mpaka 2,000.

Aristotle aliliona jambo hili bila mizani. Alisema ikiwa kilo nyingi ni kupita kiasi na kilo chache ni upungufu, haifuati kwamba mkufunzi ampe kila mtu kiasi cha katikati. Kiasi hicho kwa Milo, yule mpiga mieleka, ni kidogo, na kwa anayeanza mazoezi ni kingi. Angalieni mfano wenyewe: anayetafuta kiasi hapo ni mkufunzi, mtu anayemtazama mwingine na kumpimia. Mafundisho ya dini yetu nayo yanatugawia tumbo thuluthi tatu, ya chakula, ya maji na ya pumzi. Kipimo hicho kimo ndani ya mwili wa mtu, hakimo kwenye sahani, na jirani hawezi kukijua ila kwa kumsikiliza mwenye tumbo anaposema nimeshiba.

Na hapo ndipo tunapokosana na desturi yetu wenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Mzee mwenye sukari anakaribishwa Al-Nuzha. Anakula kidogo, anasema alhamdulillahi, nimeshiba. Mwenyeji anasikitika. "Bi mkubwa, hujala kitu! Onja hizi kaimati, mbili tu, usinivunje moyo." Bi mkubwa anajua zile kaimati zimelala kwenye shira. Anajua kuliko menyu yoyote ya Mamlaka. Lakini mbele ya watu atavunjaje moyo wa mtu? Anakula mbili, anaongezwa ya tatu, na usiku ule anayekesha naye ni mwanawe, wakati mwenyeji amelala akiwa ameshapona. Sasa mtuambie, je, bibi yule hakuwa makini na kalori?

Tunajua yatakayosemwa dhidi yetu. Kupima chakula cha mgeni ni uchoyo. Ukarimu ukianza kuhesabiwa umekwisha. Hoja hii ina uzito, wala hatuipuuzi. Sisi tulio katika miaka ya hamsini, tuliokulia Tanzania, tunazikumbuka foleni za sukari na unga mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mama aliyewahi kupika uji usio na sukari kwa sababu sukari haikupatikana, leo akijaza sinia mpaka likafurika hafanyi ulafi. Anakanusha miaka ile. Kumwambia apunguze robo kilo ni kama kumwambia hayo yote hayakutokea. Kwa hiyo hatusemi asijaze sinia. Tunasema neno "nimeshiba" lipewe heshima ile ile inayopewa neno "karibu". Kumlazimisha mtu kwa haya kisha kusema alikula mwenyewe ni kufanya kama mkahawa unaoandika namba na kunawa mikono, tofauti ni kwamba sisi hata namba hatuandiki.

Kuna wanaotoka hapo kwa mlango wa mazoezi: kula tu, utatembea. Menyu mpya nayo inaonekana kuunga mkono, maana inataja dakika. Lakini mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini ya Tanzania, watu wanaowinda, wanaochimba mizizi, na kutembea kutwa. Walipima kwa maji maalumu yanayoweza kufuatiliwa mwilini, wakakuta kwamba ukizingatia ukubwa wa miili, nishati wanayotumia Wahadza kwa siku haipishani na ya Wamarekani na Wazungu wa mijini. Huenda mwili unapofanya kazi nyingi hubana matumizi kwingine. Kutembea kuna faida kubwa kwa moyo na kwa sukari ya damu, na mitaa yetu ina njia nzuri za kutembelea jua likishazama. Ila asiyetaka kupunguza mafuta kwenye sufuria asitupe ahadi ya kilomita.

Tukifika kwenye sufuria tumefika jikoni, na hapa lazima tuseme lililobaki, ingawa halipendezi kwenye jarida la jamii. Tumezungumza juu ya waliopakuliwa kupita kiasi. Wapo pia waliopakuliwa pungufu. Mei 2025 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kenya wanaofanya kazi za nyumbani Saudia, na miongoni mwa yaliyoelezwa humo ni kufanyishwa kazi saa nyingi mno, kunyimwa chakula cha kutosha, au kupewa mabaki. Kwa watu hao kuuliza kama wanajali kalori ni kuuliza vibaya. Wao wanazijali saa zote. Wanarudishwa kwenye posho, tena bila mizani, maana vibarua wa zamani angalau walijua ratili zao ni mbili.

Si vyema tukadhani hayo hutokea kwa wenyeji peke yao. Baadhi yetu tumepata kazi nzuri na tumeajiri. Tunapoalikwa Al-Nuzha, Riyadh au Jeddah, mara nyingi jikoni yumo dada kutoka Mombasa, Kisii au Kampala. Ndiye aliyeosha ule mchele, akaunga ile nyama, akaenda na kurudi na maji mpaka sinia likawa tupu. Sebuleni tunabishana juu ya kalori, nani amenenepa, nani daktari amemkataza wali. Yeye anapakuliwa saa ngapi, kiasi gani, na kwa mkono wa nani, swali hilo hatujasikia likiulizwa na mgeni hata mmoja.