Kumtazama Mgonjwa na Kumuuguza

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Lipo neno kumtazama mgonjwa, na lipo neno kumuuguza. Anayemtazama mgonjwa hupiga hodi, hupewa kiti, hutoa pole, huacha alichokuja nacho mkononi, kisha huenda zake. Anayemuuguza hana pa kwenda. Wanafunzi wa sarufi watakumbuka kwamba kuuguza ni kauli ya kutendesha ya kuugua, kama kuvusha kulivyo kwa kuvuka. Mwenye kumvusha kipofu barabara hamwondolei upofu, humwezesha kuvuka. Vivyo hivyo mwenye kumuuguza mtu hamponyi, maana hiyo ni kazi ya tiba. Humwezesha kuugua. Neno hili tumelitafakari sana tangu tulipopata kuishi nyumba moja na mgonjwa wa saratani, na swali tunalotaka kuwawekea walimu na vijana wetu ni hili: katika utu tunaojisifia, ni lipi kati ya maneno hayo mawili tunalolitimiza?

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mama wa makamo kutoka kusini, aliyekuja Dar es Salaam kutibiwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo huwapata wanawake wa nchi yetu kuliko saratani nyingine yoyote. Alifikia kwa mdogo wake wa kiume, katika nyumba ya kupanga ambamo nasi tulikuwa na chumba. Ndivyo ilivyo kwa wengi wanaotoka mikoani kuja kutibiwa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996 pale penye hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Mionzi hutolewa kwa dakika chache tu, siku 5 kwa juma, kwa majuma 5 hivi, na mgonjwa mwenye nguvu za kutembea halazimiki kulazwa kwa ajili ya dakika hizo. Saa zote zilizobaki, za mchana na za usiku, ni za nyumbani. Na nyumbani, tukisema kweli, ni mtu mmoja. Katika nyumba ile mtu huyo alikuwa wifi yake.

Wifi yule hakupata kusomea uuguzi. Alijifunza kwamba alama zilizochorwa ngozini na wataalamu wa mionzi hazisuguliwi wakati wa kuoga, kwa kuwa ndizo zinazoielekeza mashine. Alijifunza kupika uji mwepesi mgonjwa alipoanza kuharisha, na kumsukutulisha maji ya chumvi alipopata vidonda vya kinywa. Mara moja kwa juma mgonjwa alitundikiwa pia dawa kali ya mshipani. Dawa za namna hiyo hushambulia seli zinazozaliana upesi, nazo hazichagui: saratani hupigwa, lakini hupigwa pia utando wa kinywa na wa utumbo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Seli nyeupe za damu zikipungua, mafua ya mtoto wa jirani yaweza kuwa hatari kwa maisha, na homa ya nyuzi 38 ni jambo la kwenda hospitali usiku uleule, siyo la kungojea kuche. Yote haya alielezwa, akayashika.

Hapo ndipo desturi zetu zilipogongana zenyewe kwa zenyewe. Wageni walikuja: jamaa, majirani, watu wa kwao kusini wanaoishi mjini. Jumapili moja tuliwahesabu 14, na kila mmoja alikunywa chai iliyopikwa na mtu ambaye hakuwa amelala usiku. (Sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa wanywaji.) Shangazi mmoja alifika akikohoa. Wifi akasimama mlangoni, akasema kwa adabu zote, "Shangazi, tuwie radhi, leo hawezi kuonana na watu." Jioni ile ile maneno yalienea kwamba mke wa fulani anamficha mgonjwa, kwamba anajivuna, kwamba huenda ana lake jambo. Wengine walioingia walikataa kikombe kilichotumiwa na mgonjwa, ingawa saratani haiambukizi kwa kikombe wala kwa kukaa karibu, na mionzi ya mashine haibaki mwilini ikaja na mtu nyumbani.

Mgonjwa naye, kwa kuchelea wageni wasisononeke, alijifunga kilemba, akajikaza, akaketi, akacheka walipocheka. Walipoondoka alitapika mpaka magharibi. Wageni wale, kwa mapenzi yao yote, walikuwa wamekuja kumtaka mgonjwa asiyeugua. Wifi peke yake ndiye aliyemruhusu kuugua: kunyamaza, kugeukia ukutani, kukataa chakula alichopikiwa na bado akapikiwa kingine.

Watu hao hao, lau msiba ungetokea, wangechanga. Basi la kusafirisha maiti lingepatikana kwa siku moja, sufuria kubwa zingeazimwa, wanaume wangekesha uani. Tunalisema hili bila kebehi, maana kuzikana ni jambo jema. Lakini nauli ya daladala ya majuma 5 haikupata mchango. Hata sheria zetu zimebeba mwelekeo huo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ilipotungwa, ilimpa mfanyakazi siku zisizopungua 4 za likizo yenye malipo mtoto wake anapougua au kufa. Kwa mke au mume, mzazi, babu au bibi, mjukuu na ndugu, ilitaja kifo tu. Naye wifi yetu, aliyekuwa akiuza mboga gengeni, hakuwa hata na wa kumwomba likizo. Genge lilifungwa.

Wako watakaosema kwamba kuuguza ni mapenzi, na kwamba kugawana zamu ni kuleta mambo ya ofisi ndani ya nyumba. Sisi hatuoni hivyo. Msaragambo wa Wapare ulikuwa na wito na siku yake, wala mapenzi ya ujirani hayakupungua kwa sababu hiyo. Kila mtu alikuja na jembe. Hakuna aliyekuja kulitazama shamba na kulipa pole.

Wako pia watakaotaja stara, nao wana haki zaidi. Kaka hawezi kumwogesha dada yake, hilo hatulibishi. Lakini kuchota maji hakuhitaji stara, wala kufua shuka, wala kupanda basi alfajiri na kukaa kwenye foleni. Mdogo wake mgonjwa alimpenda dada yake, hapana aliyetilia shaka. Hata hivyo, usiku mmoja mkewe alipokuwa ameshikwa na usingizi, alitugongea mlango kutuuliza beseni la mgonjwa huwekwa wapi. Nasi hatukujua.

Katika juma la nne alikuja mama mmoja wa mtaa wa pili, muuza maandazi. Hakupitia barazani. Alipiga hodi uani, akauliza ndoo ya shuka iko wapi, akamwambia wifi aende akalale. Wifi alilala mpaka alasiri. Mama yule akawa anakuja kila siku ya pili, anafua, anaanika, anakwenda zake. Chumbani hakuingia hata mara moja, na mgonjwa alipomaliza majuma yake na kurudi kwao kusini, hakuwa akiijua sura yake.