Karatasi ya Mama Mjane: Je, Sheria Usiyoweza Kuisoma Ni Sheria?



Leo naandika jambo nililolibeba muda mrefu, na sehemu yake ni kuungama. (Msihofu, ya kitubio nilishapeleka panapostahili.)

Mwishoni mwa mwaka 2020 nilikuwa nimemaliza falsafa, nikatumwa mwaka wa kichungaji kwenye parokia moja ya vijijini huku Nyanda za Juu Kusini. Nilikuwa na shahada mpya kabisa, na mnajua shahada mpya inavyomfanya mtu atembee. Jumapili moja baada ya Misa, mama mmoja mjane alinifuata nyuma ya sakristia. Akafungua pindo la khanga, akatoa bahasha iliyokunjwa mara nne. "Frateri mwanangu, wewe umesoma. Hebu nisomee hii."

Ilikuwa ni uamuzi wa baraza la ardhi, kurasa nne, zote kwa Kiingereza. Marehemu mume wake aliacha shamba la ekari tatu. Shemeji zake walikuwa wameuza nusu yake kwa mtu mwingine bila kumshirikisha. Mama akaenda kushtaki mwenyewe, bila wakili, akifunga safari kwa basi la alfajiri kila shauri lilipopangwa. Siku ya uamuzi alisomewa harakaharaka, akapewa nakala, akarudi nyumbani. Alikaa nayo wiki tatu akiogopa kumwonyesha mtu.

Nikasoma. Kiingereza nilikuwa nacho, si nimeandika tasnifu nzima kwa lugha hiyo? Nikaona imeandikwa kwamba shauri lake limeondolewa barazani kwa sababu hakuwa na mamlaka ya kushtaki. Nikamwambia kwa ule upole tunaofundishwa seminarini: "Pole mama, umeshindwa. Tumwachie Mungu." Tukasali Salamu Maria pamoja. Kiukweli nilijisikia vizuri, nikaona nimefanya utume.

Nilikuwa nimekosea vibaya sana. Sikujua kwamba kwenye sheria, shauri kuondolewa si sawa na shauri kukataliwa baada ya kusikilizwa. Baraza lilisema kitu kimoja tu: shamba hili lilikuwa la marehemu, kwa hiyo anayeweza kulishtakia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na huyu mama hajateuliwa. Kuhusu shamba ni la nani, halikutamka hata neno moja. Mlango ulikuwa wazi. Alipaswa kwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, ateuliwe, kisha arudi kushtaki upya. Haya yote tulikuja kuelezwa miezi miwili baadaye na mwalimu mmoja mstaafu wa kata ya jirani ambaye ni msaidizi wa kisheria. Alisoma kurasa zile zile nne nilizosoma mimi.

Ila ndani ya miezi ile miwili mama alikuwa ameshauza miti yake. Alikuwa na paina alizopanda na marehemu, bado changa, hazijafika umri wa kutoa mbao. Kwa kuwa frateri amesema ameshindwa, akaona bora apate chochote kabla hajatolewa. Walizikata, zikaenda kwa bei ya kuni.

Nimeanza na habari hii kwa sababu tukisikia maneno kama "utawala wa sheria na maendeleo endelevu" wengi tunafunga ukurasa. Yanasikika kama maneno ya semina yenye maji ya chupa na posho. Mwaka 2015 nchi za Umoja wa Mataifa zilikubaliana Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, na katika lengo la 16 kuna shabaha inayodai utawala wa sheria na haki kwa watu wote. Zamani nilijiuliza mbona haki za mahakamani zimewekwa pamoja na mambo ya njaa, maji na misitu. Siulizi tena. Maendeleo endelevu ni mtu kukubali kupanda kitu atakachovuna baada ya miaka mingi, na hakuna anayepanda hivyo kwenye ardhi asiyojua kama kesho ni yake. Mparachichi uliobebeshwa unahitaji kama miaka mitatu ndipo uanze kuzaa, na paina inataka miaka mingi zaidi. Mwenye wasiwasi na shamba lake atalima mahindi, avune, asubiri msimu mwingine kama upo. Hatachimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na akipata nafasi atakata mti uliopo. Unaweza kumpelekea semina kumi za mazingira. Tatizo lake liko kwenye ile bahasha.

Sasa tuje kwenye falsafa, maana ndiyo iliyonitia aibu zaidi. Mtakatifu Thomaso wa Akwino, katika Summa, anaeleza sheria kuwa ni agizo la akili, lenye kulenga manufaa ya wote, lililowekwa na mwenye dhamana ya jumuiya, na lililotangazwa. Kwenye mtihani nilieleza vipengele vyote vinne. Vitatu vya kwanza nilivipigia kelele, cha nne nikakipitia kwa mstari mmoja, kwani kutangaza kuna fumbo gani? Kumbe ndicho chenye mzigo. Kwa Thomaso, kutangazwa ni sehemu ya kuifanya sheria iwe sheria, kwa sababu sheria ni kipimo cha matendo, na kipimo usichokijua hakiwezi kukupima. Basi mama yule, aliyehukumiwa kwa lugha asiyoijua, kwa kanuni ambayo hakuwahi kuisikia, alitangaziwa nini?

Mtu atasema: kutojua sheria si utetezi. Ni kweli, na kuna sababu nzuri, la sivyo kila mwizi angesema hakujua. Lakini kanuni hiyo ina upande wa pili. Anayemwambia raia "ulipaswa kujua" anajiwekea deni la kumwezesha ajue. Thomaso aliliona pingamizi hili. Anajibu kwamba asiyekuwepo sheria inapotangazwa anafungwa nayo kwa kadiri inavyomfikia, au inavyoweza kumfikia, kupitia watu wengine.

Kupitia watu wengine. Nilisoma sehemu hiyo nikiwa mwaka wa pili na haikunigusa. Hao "wengine" ni akina nani? Sheria ya Tanzania inawataja baadhi yao: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria kama yule mwalimu mstaafu. Lakini siku ile nyuma ya sakristia "mwingine" nilikuwa mimi, na sheria ilipopita kwangu ilifika kwa mama ikiwa imepinda.

Tena haki yenyewe ilikuwepo kitambo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema wazi kuwa mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanaume. Imeandikwa miaka yote hiyo, na shemeji waliuza nusu ya shamba kana kwamba haipo. Ndiyo maana siamini kwamba utawala wa sheria ni kuwa na sheria nyingi nzuri. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Centesimus Annus ya 1991, alifundisha kwamba katika nchi inayotawaliwa na sheria, sheria ndiyo yenye ukuu, si utashi wa watu wachache. Kijijini hao "watu wachache" mara nyingi ni ukoo. Mahakama ya Mwanzo mama aliombwa muhtasari wa kikao cha ukoo. Fikiria: waliouza shamba ndio waitishe kikao cha kumpendekeza mtu wa kuwashtaki! Ilibidi Baba Paroko aende kukaa nao mchana mzima.

Na hapo ukaibuka mjadala wa kidini. Shemeji mmoja, mwanajumuiya mzuri tu, alitoa Biblia akafungua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 6: Wakristo hawashtakiani. Baadhi ya watu wakatikisa vichwa kukubali. Nasikia hoja hii mara kwa mara kwa vijana pia, kwamba kwenda mahakamani ni kukosa msamaha. Jamani, tusome sura nzima. Katika sura ile ile Paulo anawageukia wale wanaodhulumu na kuwanyang'anya ndugu zao. Maneno yake makali yanawaangukia wao, na mwenye kudhulumu hawezi kuyatumia kumnyamazisha aliyemdhulumu. Paulo huyo huyo, katika Matendo ya Mitume sura ya 22, alipofungwa kamba apigwe mijeledi aliuliza kama ni halali kumpiga raia wa Roma asiyehukumiwa. Katika sura ya 25 akakata rufaa kwa Kaisari. Alijua haki zake, akazitamka kwa sauti. Kusamehe ni jambo ambalo mama yule anaweza kulifanya, na nadhani alishalifanya, maana shemeji huyo alipolazwa ndiye aliyempelekea uji. Lakini shamba ni la watoto wa marehemu, na cha watoto hakikuwa chake kukitoa.

Hata yule mjane wa Luka 18 huwa tunamhubiri kwa haraka: sali bila kuchoka. Sawa, Injili yenyewe inasema ndivyo. Ila Yesu alichagua mfano wa mwanamke anayekwenda kwa hakimu, na hakuna mahali anapomwambia arudi nyumbani akamwachie Mungu. Maneno hayo yalikuwa yangu mimi.

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikibaki kwa mazingira maalumu. Nilifurahi kuliko walivyotarajia wenzangu bwenini. Lakini tusidanganyane, nauli ya basi la alfajiri haijatafsiriwa, na Kiswahili cha mahakamani nacho kina milima yake. Wewe unayesoma hapa, hasa uliye chuo, mjue kwa jina msaidizi wa kisheria wa kata yenu kabla mtu hajakujia na bahasha.

Mama aliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, na shauri likafunguliwa upya kabla sijaondoka parokiani. Baadaye alinipigia kwa simu ya mwanae. Uamuzi umetoka, shamba lote limerudi, na safari hii karatasi ni ya Kiswahili. Alinisomea mwenyewe, polepole, ukurasa baada ya ukurasa. Akakwama kwenye neno moja, "wadaawa," akaniuliza maana yake. Nilidhani naijua.

"Mama," nikamwambia, "nipe dakika tano nimuulize mwalimu."