Udhuru wa Tabibu Asiyesoma Tena

Fikihi ya Kiislamu ina hukumu ya zamani: anayejitia utabibu na hajulikani kwa utabibu, akidhuru, hulipa dhamana. Hukumu hiyo imemlenga asiyesoma. Mgumu zaidi ni yule aliyesoma kweli, akafaulu, akapewa leseni, kisha akaishia hapo. Madhara ya elimu iliyochakaa ni yake, au ni ya wakati? Naona ni yake, na makengeza ya watoto yanaonyesha hilo kuliko maradhi mengi. Macho yasipoelekea pamoja, ubongo wa mtoto hupokea picha mbili zisizopatana, na mara nyingi huipuuza moja. Jicho hubaki zima kwa umbo huku uwezo wake wa kuona ukififia; ndilo liitwalo jicho vivu. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba mtoto akishapita miaka saba au minane, tiba ya jicho vivu imempita. Halafu mwaka 2005 ukachapishwa utafiti wa Marekani: kati ya watoto wa miaka 7 hadi 12 waliovaa miwani, wakazibwa jicho linaloona vizuri na kutiwa matone ya atropini, takriban nusu waliongeza uwezo wa kuona, ilhali kwa waliopewa miwani pekee ilikuwa robo. Sasa mfikirie daktari aliyehitimu mwaka 1990, anayemwambia mama wa mtoto wa miaka tisa kwamba amechelewa. Hasemi uongo, anasema alichofundishwa. Ukweli ndio uliohama, naye amekaa palepale.

Atatetewa kwamba hakuna alaumiwaye kwa kutojua ya kesho. Ni kweli. Miaka ya 1940 watoto njiti walipewa oksijeni nyingi kwa nia njema, wakapofuka kwa maelfu, na kosa halikuwa na mwenyewe mpaka jaribio kubwa la Marekani lilipothibitisha chanzo katikati ya miaka ya 1950. Baada ya hapo, aliyeendelea kama zamani hakuwa na udhuru ule tena. (Waliobana oksijeni kupita kiasi, wakidhani somo limekwisha, nao waliwapoteza watoto wengine.) Pingamizi zito ni la foleni: mtaalamu wa macho wa wilayani huona wagonjwa asubuhi hadi jioni, na semina zinafanyika Nairobi au Dar es Salaam. Hapa nakubali kwamba lawama inagawanyika, na mwajiri asiyetoa ruhusa wala nauli ana fungu lake, pengine ndilo kubwa. Haifutiki lakini. Mtu mzima mwenye mtoto wa jicho, akicheleweshwa mwaka, kwa kawaida bado atapasuliwa na kuona. Jicho la mtoto mchanga halina subira hiyo. Tena makengeza huweza kuwa dalili ya retinoblastoma, saratani ya jicho, ambapo ushauri wa “ngojeni, atakua yanyooke” unaweza kumgharimu mtoto uhai.

Ama zile pointi za mafunzo endelevu zinazodaiwa ili kuhuisha leseni, kama ilivyo Kenya, sina imani nazo sana. Zinahesabu saa za kukaa kitini, na mtu anaweza kuzikusanya mwaka hata mwaka bila kubadili ushauri wake hata mmoja. Ningependelea yafunguliwe mafaili: kati ya watoto wa makengeza walioonwa mwaka huu, wangapi walitiwa matone ya kupanua mboni, wakapimwa miwani na kuchunguzwa ndani ya jicho, na wangapi waliambiwa tu wasubiri.